Sembène Ousmane: Kutoka Riwaya ya Kifaransa hadi Sinema ya Kiwolofu

Utangulizi

Mnamo Juni 1962 waandishi wa Afrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala, ili kuijadili fasihi yao. Kwa jina lake lenyewe, mkutano huo uliwaacha nje waandishi wa lugha za Kiafrika, hata mtu wa kiwango cha Shaaban Robert. Mwaka uo huo mwandishi mmoja wa Senegal, aliyekuwa amekwisha kujipatia sifa kwa riwaya zake za Kifaransa, alifunga safari kwenda Moscow kujifunza kazi ya sinema. Alikuwa na umri wa miaka 39, na hakuwa na cheti chochote cha maana cha shule. Mtu huyo ni Sembène Ousmane.

Safari hizi mbili, ya Kampala na ya Moscow, zilitokana na swali moja: mwandishi wa Kiafrika anamwandikia nani? Wengi wamelijibu swali hili kwa makala na hotuba. Sembène alilijibu kwa kubadili chombo cha kazi yake. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi zake, na hasa kuonyesha jinsi suala la lugha lilivyoongoza hatua zake tangu riwaya ya kwanza ya 1956 hadi filamu yake ya mwisho ya 2004. Yatajaribu pia kuonyesha mipaka ya jibu lake, maana lugha ya wananchi ilimfungulia Sembène mlango mmoja, kisha akakuta milango mingine mbele yake imefungwa.

Kutoka uvuvini hadi bandarini

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal. Baba yake alikuwa mvuvi wa jamii ya Walebu. Masomo yake ya shule yalikatika mapema, kwa kuwa alifukuzwa baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Alijaribu uvuvi, lakini bahari haikumkubali, naye akapelekwa Dakar. Huko alifanya kazi za mikono, zikiwamo uashi na umakanika. Hivyo ndivyo alivyowajua tangu ujana wake watu ambao baadaye wangejaa katika vitabu na filamu zake: vibarua, wachuuzi, ombaomba, na wanawake wanaoilisha nyumba bila ya kuhesabiwa kuwa wanafanya kazi.

Mnamo 1944 aliingizwa katika jeshi la Ufaransa, katika vikosi vya askari wa Kiafrika vilivyojulikana kwa jina la Tirailleurs. Baada ya vita alirejea Dakar na kuikuta imechemka kwa migomo. Mgomo uliovuma kuliko yote ulikuwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger, uliodumu tangu Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Mwishoni mwa mwongo huo Sembène alikuwa amekwisha kuvuka bahari hadi Ufaransa, akijificha melini. Hatimaye akawa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille.

Bandari ndiyo iliyokuwa chuo chake. Alijiunga na chama cha wafanyakazi, kisha na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Aliumia uti wa mgongo kazini, na katika muda wa kupona alisoma kwa bidii. Katika kusoma huko alitambua jambo moja: Mwafrika aliyekuwa vitabuni ama aliandikwa na Mzungu, ama aliandikwa na Mwafrika msomi aliyekuwa mbali na maisha ya bandarini. Mchukuzi wa mizigo hakuwa na msemaji. Mnamo 1956 Sembène alichapisha Le Docker noir, yaani Mchukuzi Mweusi, riwaya inayomhusu mchukuzi mwenzake aliyeandika kitabu kisha kazi yake ikaibwa na mwandishi Mfaransa.

Kalamu na mpaka wake

Riwaya iliyompa Sembène nafasi ya kudumu katika fasihi ya Afrika ni Les Bouts de bois de Dieu ya mwaka 1960, inayosimulia mgomo wa reli uliotajwa hapo juu. Jina lake, Vijiti vya Mungu, latokana na mwiko wa kutowahesabu watu walio hai ili wasipatwe na balaa. Badala ya kusema watu kadhaa, husemwa vijiti kadhaa vya Mungu. Mwiko wa namna hii hauwezi kuwa mgeni kwa msomaji wa Kenya, ambako jamii kadhaa hukataza mzazi kuulizwa idadi ya watoto wake. Kitabu hiki hakina shujaa mmoja. Shujaa wake ni umma: wafanyakazi, wake zao, vipofu na watoto, katika miji mitatu ya reli, Dakar, Thiès na Bamako. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, na kwa njia hiyo wasomaji wa Afrika ya Mashariki wakamjua Sembène kwanza kama mwandishi wa vitabu.

Papo hapo, kitabu hicho kilimwekea mwandishi wake kitendawili kichungu. Wafanyakazi wa reli, ambao wao ndio kisa na ndio mashujaa, hawakuweza kukisoma. Wengi hawakujua kusoma lugha yoyote kwa herufi za Kilatini, na wachache waliojua kusoma Kifaransa hawakuwa na fedha za kununulia riwaya. Sembène aliporudi Afrika baada ya uhuru wa 1960 na kuzuru nchi mbalimbali, ikiwamo Kongo, jambo hili lilimdhihirikia zaidi. Alikuwa maarufu Paris, wala hakujulikana kwa wale aliowasemea.

Hapa ndipo inapofaa kuieleza safari ya Moscow. Sembène hakuacha kuandika kwa sababu ya kuchoka na kalamu, wala hakufuata sinema kwa kupenda anasa yake. Alitafuta chombo ambacho asiyejua kusoma angeweza kukifuata kwa macho na masikio. Huko Moscow alipata mafunzo katika studio ya Gorky chini ya mwelekezi Mark Donskoy. Baadaye alizoea kuiita sinema shule ya jioni, na msomaji wa Kenya atakumbuka mara moja madarasa ya ngumbaru, ambamo watu wazima hukusanyika baada ya kazi ili wapate elimu waliyokoseshwa utotoni.

Sauti ya kuazima

Waafrika waliokuwa chini ya Ufaransa walichelewa kuingia katika kazi hii, na haikuwa kwa kukosa hamu. Amri ya mwaka 1934, iliyoitwa kwa jina la waziri Laval, iliweka upigaji wa picha za sinema katika makoloni chini ya kibali cha serikali. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filamu katika miaka ya 1950, ilibidi waifanyie kazi Paris. Filamu hiyo, Afrique sur Seine ya 1955, inawahusu Waafrika walioko Ufaransa. Vieyra ndiye aliyekuja kuwa msaidizi mkubwa wa Sembène katika utayarishaji wa filamu zake za mwanzo.

Filamu ya kwanza ya Sembène iliyoonekana na wengi ni Borom Sarret ya 1963, yenye muda wa dakika 20 hivi. Jina lenyewe ni somo dogo la lugha. Borom ni neno la Kiwolofu lenye maana ya mwenye au mmiliki, na sarret ni neno la Kifaransa la gari la kukokotwa lililotoholewa na Wawolofu. Kisa ni cha siku moja ya mwenye gari la farasi jijini Dakar. Anawabeba wasioweza kulipa, anamtunza msifuji anayemkumbusha ukuu wa mababu zake, na mwishowe anampeleka abiria katika mtaa wa matajiri wa Plateau, ambako magari ya farasi yamepigwa marufuku. Askari wa polisi anamnyang'anya gari, na nishani yake ya vita inakanyagwa chini ya kiatu. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto na kutoka, akiahidi kwamba watakula usiku huo. Filamu haisemi chakula hicho kitapatikanaje.

Mnamo 1966 ilifuata La Noire de..., filamu ya saa moja hivi, inayotokana na hadithi fupi ya Sembène mwenyewe. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa hadi mji wa Antibes kuwalea watoto. Anapofika anakuta hakuna watoto wa kulea. Kuna jiko, sakafu na maagizo. Anafungiwa ndani ya nyumba hata anajiua. Filamu hii ilipata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na tuzo kuu katika tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia.

Hata hivyo filamu hizi mbili zina upungufu ambao mwanafunzi wa lugha hawezi kuupuuza. Mwenye gari la farasi anawaza kwa Kifaransa. Diouana, ambaye mateso yake yote yanatokana na kutengwa na lugha ya waajiri wake, naye anawaza kwa Kifaransa fasaha, kwa sauti ya mwigizaji mwingine iliyowekwa baada ya picha kupigwa. Yaani mtazamaji anamwona mtu asiyekuwa na sauti katika nyumba ya watu, lakini anamsikia akinena kwa lugha ya nyumba hiyo hiyo. Baadhi ya wahakiki wameitetea sauti hii kuwa ni taashira ya utumwa wa mawazo. Sababu iliyo wazi zaidi ni masharti ya fedha, soko na mitambo ya Ufaransa. Sembène alikuwa amekipata chombo cha kumfikia asiyesoma, lakini chombo hicho bado kilikuwa kikisema lugha asiyoielewa.

Mandabi: hawala na lugha

Mabadiliko yalikuja mwaka 1968 kwa filamu ya Mandabi. Hapa tena jina linaeleza mengi. Mandat ni neno la Kifaransa la hawala ya posta, na bi ni kiambishi cha Kiwolofu kinachofuata nomino na kuionyesha kuwa ni kitu mahususi kinachojulikana. Mandabi basi ni ile hawala. Wawolofu wamelipokea neno la wakoloni na kulitia chini ya sarufi yao, kama vile Kiswahili kilivyolipokea neno baiskeli na kulipa upatanisho wake.

Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Faranga 2,000 ni zake, 3,000 ni za mama wa kijana, na 20,000 ni za kuwekwa akiba. Habari zinaenea mtaani, na wakopaji wanamiminika kabla hata fedha hazijashikwa. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe asiyoijua. Kila dirisha la ofisi linampeleka kwenye dirisha jingine, na kila karatasi imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mwishowe jamaa yake msomi, aliyevaa suti na kusema Kifaransa safi, anajitolea kumsaidia, anazichukua fedha, kisha anasema kwamba ameibiwa. Dieng anarudi nyumbani na gunia la mchele.

Dieng si mjinga. Katika mtaa wake ni mtu wa heshima, anajua dini yake, na anajua kujibu salamu na kejeli. Ujinga wake unaanza pale anapoingia ofisini, kwa sababu ofisi za nchi yake huru hazimjui mpaka aandikwe kwa Kifaransa. Hoja hii isingeweza kuonekana barabara katika filamu ya Kifaransa. Ilihitaji Dieng aseme Kiwolofu kwa ufasaha wote, ili mtazamaji aone kwa macho yake jinsi mtu yule yule anavyonyong'onyea mbele ya karani.

Kwa sababu fedha za Ufaransa zilizosaidia kutengeneza filamu zilikuja pamoja na takwa la kuwapo kwa toleo la Kifaransa, Sembène aliitengeneza mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu, kwa waigizaji wale wale. Toleo la Kiwolofu ndilo lililobaki katika historia, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Afrika ya Magharibi kusemwa kwa lugha ya Kiafrika. Ilipata tuzo katika tamasha la Venice mwaka uo huo. Tangu hapo Sembène hakurudi nyuma. Emitaï ya 1971, inayohusu wanawake wa kijiji wanaokataa mpunga wao usichukuliwe kulisha jeshi wakati wa vita, inasema Kijola, kwa kuwa kisa ni cha Casamance. Yaani hakukifanya Kiwolofu kuwa Kifaransa kipya cha kuwafunika Wasenegali wengine.

Xala: lugha kama sare ya tabaka

Mwaka 1971 Sembène, pamoja na mwanaisimu Pathé Diagne, alianzisha gazeti la Kiwolofu liitwalo Kaddu, maana yake neno au sauti. Miaka minne baadaye ilitoka filamu ya Xala, ambayo herufi yake ya kwanza hutamkwa kama kh ya neno kheri. Xala ni laana ya kupoteza nguvu za kiume. El Hadji Abdoukader Beye, mfanyabiashara aliyetajirika baada ya uhuru, anaoa mke wa tatu na usiku wa arusi anajikuta amepatwa. Kwa dhihaka hii Sembène alilichora tabaka zima: watu waliorithi viti vya wakoloni, wanaopokea mikoba ya fedha kutoka kwa wakoloni hao hao, na wasioweza kuzalisha kitu.

Katika Xala lugha huvaliwa kama sare. Wafanyabiashara hufanya mikutano yao kwa Kifaransa. El Hadji huosha gari lake kwa maji ya Evian kutoka Ufaransa. Binti yake Rama, mwanafunzi wa chuo kikuu, hukataa kuyanywa maji hayo na humjibu baba yake kwa Kiwolofu kila anaposemeshwa kwa Kifaransa. El Hadji anapofilisika na kushtakiwa na wenzake, anaomba ajitetee kwa Kiwolofu. Ombi linakataliwa, naye anaambiwa kwamba hata matusi katika kikao hicho hayana budi yawe ya Kifaransa. Ndipo mtazamaji anapoelewa kwamba lugha hiyo ilikuwa kadi ya uanachama. Aliyenyang'anywa kadi anakumbuka lugha ya mama yake, lakini amekumbuka akiwa amechelewa. Serikali iliikata filamu hii sehemu kadhaa kabla ya kuiruhusu ionyeshwe Senegal.

Herufi moja

Mgogoro mkubwa ulizuka mwaka 1977 kuhusu filamu ya Ceddo. Neno hili linawataja watu waliokataa kusilimu na kushikilia mila zao katika karne zilizopita. Filamu yenyewe inaonyesha kijiji kilichobanwa na nguvu tatu: imamu anayetwaa utawala, mfanyabiashara Mzungu anayebadilishana bunduki kwa watumwa, na padri anayengoja zamu yake. Mwishoni binti mfalme anamwua imamu. Katika nchi ambayo sehemu kubwa sana ya watu wake ni Waislamu, na ambayo masheikh wa tarika wana sauti kubwa katika siasa, haikuwa ajabu kwamba filamu kama hiyo ingeleta chuki.

Ajabu ni sababu iliyotolewa. Serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ilidai kwamba jina la filamu limeandikwa kwa makosa. Kwa kanuni rasmi za kuandika lugha za taifa, neno hilo lilipasa kuwa na d moja, wala si mbili. Sembène alikataa kuiondoa herufi hiyo, na filamu ikazuiwa. Watu wa Senegal hawakuiona hadharani mpaka baada ya Senghor kung'atuka mwishoni mwa mwaka 1980.

Wengi wamelicheka jambo hili, na kweli lina kichekesho chake. Hata hivyo mwanafunzi wa lugha hana budi kulitazama kwa makini, kwa maana urefu wa konsonanti katika Kiwolofu hutenga maana. Gën ni kuwa bora, na gënn ni kinu. Kuamua ni konsonanti zipi ziandikwe maradufu ni suala halali la isimu. Wasemaji wa Kiswahili wana mfano wao. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni kwa mpumuo wa konsonanti, lakini maandishi sanifu yaliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930 hayakuutia mpumuo huo katika hesabu. Kila tahajia ni uamuzi, na kila uamuzi una mwenye mamlaka nyuma yake. Kosa la Senegal halikuwa kuwa na kanuni za tahajia. Kosa lilikuwa kuitumia kanuni ya tahajia kama kufuli ya mdomo.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka huo huo wa 1977 jambo lenye sura kama hiyo lilitokea Kenya. Tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, ilinyimwa kibali, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Vitabu vyake vya Kiingereza vyenye lawama kali kwa watawala vilikuwa vikiuzwa madukani. Ulinganifu huu wa Dakar na Limuru unaonyesha kwamba dola huweza kuustahimili ukali wa maneno maadamu yanabaki katika lugha ya wachache. Linaloitia hofu ni ukali huo kuhamia katika lugha ambayo mpishi, dereva na muuza mboga wanaielewa bila mkalimani.

Miaka ya baadaye

Baada ya Ceddo Sembène alikaa zaidi ya miaka kumi bila ya kutoa filamu mpya. Mnamo 1988 alitoa Camp de Thiaroye, akishirikiana na Thierno Faty Sow. Inahusu mauaji ya tarehe 1 Desemba 1944, wakati jeshi la Ufaransa lilipowapiga risasi askari wa Kiafrika waliokuwa wametoka utekwani Ulaya na kudai malipo yao. Filamu hii ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia, bila fedha za Ufaransa. Askari wake, waliotoka makoloni mbalimbali, wanasemezana kwa Kifaransa kilichovunjika cha kambini, lugha pekee waliyo nayo kwa pamoja. Mmoja wao, aliyepitia kambi ya Buchenwald, amepoteza kabisa uwezo wa kunena. Ni yeye anayeviona vifaru vikija usiku, na ni yeye asiyeweza kuwaonya wenzake wakamsadiki. Filamu ilipata tuzo maalumu Venice, lakini ilichukua miaka mingi kuonyeshwa Ufaransa. Rais wa Ufaransa aliyatambua matukio hayo rasmi kuwa ni mauaji ya halaiki mnamo Novemba 2024, miaka 36 baada ya filamu kuyasema.

Guelwaar ya 1992 ilishambulia utegemezi wa chakula cha msaada, na Faat Kiné ya 2000 ilimweka mbele mwanamke anayesimamia kituo cha mafuta Dakar na kuwalea watoto wake peke yake. Filamu ya mwisho, Moolaadé ya 2004, ilipigwa Burkina Faso na kusemwa kwa Kijula, lugha ya biashara inayovuka mipaka ya nchi kadhaa. Collé Ardo anawapa hifadhi wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa, na kamba aliyoifunga mlangoni inatosha kuwazuia wakeketaji, maana hifadhi hiyo ni ya mila kama vile ukeketaji unavyodaiwa kuwa wa mila. Wazee wanazikusanya redio za wanawake na kuzichoma moto. Wamejua kwamba hatari haitoki katika kamba ile, bali katika sauti inayoingia nyumbani kwa lugha inayoeleweka. Sembène, akiwa na miaka 81, alipata kwa filamu hiyo tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes. Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007.

Hitimisho

Ni rahisi kuyafunga maisha haya kwa methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni kweli, lakini haimtoshi Sembène. Yeye mwenyewe aliendelea kuandika vitabu vyake kwa Kifaransa: riwaya ya Xala ya 1973 ni ya Kifaransa, na hata Le Dernier de l'Empire ya 1981, iliyotoka baada ya mgogoro wa herufi ya d, ni ya Kifaransa. Kitabu kilihitaji mchapishaji na msomaji, na vyote viwili katika Kiwolofu vilikuwa haba. Hakukitupa Kifaransa. Alikiondolea ukiritimba.

Isitoshe, lugha peke yake haikumfikisha kwa watu wake. Kwa miaka mingi majumba ya sinema ya nchi zilizotawaliwa na Ufaransa yalitegemea kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, zilizoleta filamu za Marekani, Ulaya na India kwa bei rahisi. Filamu ya Kiwolofu iliweza kushangiliwa Venice na kukosa ukumbi Thiès. Ndiyo maana Sembène alizibeba filamu zake hadi vijijini, akazionyesha, kisha akakaa kujadiliana na watazamaji. Ndiyo maana pia alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuundwa kwa umoja wa watengenezaji wa filamu wa Afrika na kukua kwa tamasha la Ouagadougou lililoanza mwaka 1969. Alijua kwamba lugha inahitaji ukumbi, ukumbi unahitaji fedha, na fedha huja na masharti.

Kwa hiyo mchango wa Sembène si kwamba aliithibitisha lugha ya Kiafrika kuwa inaweza kubeba sanaa ya kisasa. Hilo halikuhitaji uthibitisho. Mchango wake ni kuuonyesha mnyororo mzima kati ya msanii na mtu wake, pete kwa pete: kusoma na kuandika, lugha, tahajia, fedha, kibali na ukumbi. Pete moja ikikatika, kazi inabaki kwa wageni. Wasemaji wa Kiswahili wana lugha iliyovuka mipaka ya makabila na nchi, yenye tahajia iliyokubalika na wasomaji wengi, yaani wamepewa bure pete ambazo Sembène alizipigania maisha yake yote. Zilizobaki, za fedha, kibali na ukumbi, ni zile zile zilizomsumbua Dakar, nazo hazitengenezwi na wanaisimu peke yao.